Karabati Choo Chako Mwenyewe: Anza na Sakafu

Choo cha shimo chenye kuta imara na paa zuri bado kinaweza kuiambukiza familia ikiwa sakafu yake imepasuka. Nyufa huficha kinyesi, na udongo wenye unyevu hutunza mabuu ya minyoo ya safura, yanayopenya ngozi ya mtoto aliyeingia peku. Saruji kidogo na mikono yako vinaweza kumkinga.

Kagua kwanza
Sakafu ikiwa imebonyea, inatikisika au nondo zake zimeanza kuonekana, usiipake plasta. Kizuie choo hicho kisitumike na umwite fundi amwage sakafu mpya. Usiingie shimoni kamwe, hata kuokota kitu: hewa ya humo inaweza kuua.

Sakafu
1. Omba kutumia choo cha jirani hadi kazi iishe.
2. Vaa glavu na viatu, kwa kuwa saruji mbichi huunguza ngozi.
3. Ziba tundu kwa ubao. Sugua sakafu, ichonge kwa tindo ili plasta ishike, kisha ioshe na kuilowesha.
4. Changanya ndoo 1 ya saruji na ndoo 3 za mchanga safi. Tandaza kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, ili maji yasituame.
5. Piga niru hadi sakafu iwe laini.
6. Funika kwa magunia na uyamwagilie maji kwa siku 7. Ikikauka haraka itapasuka tena.

Upana wa tundu usizidi sentimita 20, mtoto asije akatumbukia.

Hewa na inzi
Simamisha bomba la inchi 6 kutoka shimoni, lipite paa kwa nusu mita, na ufunge wavu juu yake. Upepo unaopita juu huvuta harufu nje. Inzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba, hukwama kwenye wavu na kufa. Ndiyo maana ndani ya choo panatakiwa giza kiasi, na tundu lisizibwe ili hewa ipite. Choo kisicho na bomba kiwe na mfuniko wenye mkono mrefu, na kila atokaye aufunike.

Mlango na kunawa
Weka komeo la ndani, ili msichana na mgeni wajisitiri bila wasiwasi. Funga ukutani mti imara wa kushikia kwa ajili ya wazee na wajawazito. Nje ya mlango tundika kibuyu chirizi na sabuni.

Utunzaji
Sugua sakafu kila siku. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kina vimelea, hivyo kitupwe chooni, kisha anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni.