Muwasho hauniachi, mke wangu ananishuku

SHANGAZI, nina miaka 29, ni dereva wa bodaboda Mbagala, nina mke na mtoto mmoja. Huu mwaka wa pili nawashwa mapajani hadi sehemu za siri. Nikipaka tyubu niliyouziwa duka la dawa napata nafuu, nikiacha tu unarudi kwa kasi, na sasa umefika makalioni. Nilijaribu ndimu na kitunguu saumu, nikaungua. Mke wangu anasema nimemletea ugonjwa wa nje, tunalala mzungu wa nne. Hospitali naona aibu. Nifanyeje?
Dereva, Mbagala

MWANANGU, nianze na hiyo tyubu, maana nadhani ndiyo inayoulea ugonjwa wako. Soma boksi lake. Ukikuta limeandikwa betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi. Inatuliza muwasho, lakini inapunguza pia kinga ya ngozi, na kama una fangasi, zinazidi kutambaa huku wewe ukidhani unapona. Na sehemu hizo hunyonya dawa kupita kiasi: mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Feldmann na Maibach, walikuta ngozi ya korodani inapitisha dawa ya jamii hiyo mara 42 zaidi ya ngozi ya mkono. Ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na kubaki na michirizi. Inaniuma sana kuona dawa hizi zinauzwa kama peremende, mtu haulizwi hata swali moja.

Lakini sijakuona, na si kila muwasho ni fangasi. Fangasi za mapajani kwa kawaida huchora duara lenye ukingo ulioinuka, na korodani huziruka. Kama una vipele kwenye korodani na uume, vinawasha zaidi usiku, na mkeo au mtoto naye anajikuna, huenda ni ugonjwa wa upele. Hapo nyumba nzima hutibiwa kwa pamoja. Ukiona kidonda au usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Mapokezi sema una tatizo la ngozi, inatosha. Mengine mwambie daktari mlango ukiwa umefungwa, na unaweza kuomba daktari mwanamume. Beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha. Uliza kama wanaweza kukukwangua ngozi kidogo waitazame kwa hadubini, na upimwe sukari, kwa sababu sukari ikiwa juu fangasi huwa sugu. Tatizo likiwashinda, omba rufaa ya Muhimbili. Ukiachana na steroidi muwasho unaweza kuzidi siku za mwanzo. Vumilia, usiirudie. Na dawa utakayopewa imalize, hata kama muwasho umekoma mapema.

Kwa kukaa kwenye pikipiki na joto hili la Dar, vaa chupi za pamba, ubadilishe ukitoka kazini na ujikaushe vizuri. Kama una fangasi miguuni, vaa soksi kabla ya chupi, la sivyo chupi huzibeba hadi juu.

Mkeo mwonyeshe barua hii. Binti yangu, fangasi si ushahidi kwamba mume ametoka nje. Joto na jasho huzifanya zistawi. Msindikize hospitali, nawe uchunguzwe. Nendeni wiki hii, na asipake kitu kingine chochote kabla daktari hajamwona.