Hatamu ya punda kabla ya masika

Kichwa cha punda si kichwa cha farasi kilichopunguzwa. Paji la uso ni pana, taya ni nene upande wa koo, kisha uso unachongoka hadi kwenye pua nyembamba. Masikio nayo ni marefu na yana mashina manene. Ndiyo maana hatamu iliyoshonwa kwa vipimo vya farasi mdogo haimkai punda. Inayoitosha pua huwa na mkanda mfupi wa paji, ambao huuvuta mkanda wa utosini mpaka ukasugua mashina ya masikio. Inayolitosha paji hupwaya puani na kuteremka hadi kwenye mianzi.

Kasoro hizi hurekebishwa vizuri zaidi mwishoni mwa kiangazi, kabla punda hajafungwa kwenye jembe au kuanza kuvuta mikokoteni ya samadi na mbegu. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi, na kidonda cha masika huvuta nzi.

Upimaji huanzia puani. Kwenye shavu la punda kuna ukingo wa mfupa unaohisika kwa vidole. Mkanda wa pua unapaswa kulala upana wa vidole viwili chini ya mwisho wa ukingo huo. Ukikaa juu zaidi, husugua mfupa penye ngozi nyembamba. Ukishuka sana, hukandamiza gegedu laini na kubana njia ya hewa, na punda hupumua kwa pua tu, si kwa mdomo. Mzunguko wa mahali hapo hupimwa kwa uzi usionyumbuka, kisha huongezwa nafasi ya vidole viwili ili mnyama aweze kutafuna na kupiga mwayo.

Kipimo cha pili hutoka kwenye mstari wa pua upande mmoja, hupanda shavuni, hupita nyuma ya masikio na kushuka hadi mstari huohuo upande wa pili. Cha tatu huenda kutoka shina la sikio moja hadi la jingine kupitia kwenye paji. Mkanda wa kooni huachiwa nafasi ya ngumi ya mtu mzima, kwa sababu punda huinamisha shingo anapovuta mzigo.

Mkanda wa utosini ufungwe kwa bizimu kwenye shavu la kushoto. Hatamu isiyofunguka hulazimika kupitishwa juu ya masikio kwa kuyakunja, na punda aliyeumizwa hivyo mara kadhaa hukataa kuguswa kichwa. Bizimu wala fundo lisikae juu ya mfupa, kwani mshipa wa fahamu wa uso hupita karibu na ngozi, na ukikandamizwa muda mrefu mdomo huweza kulegea upande mmoja.

Mkanda wa pamba wenye upana wa sentimita 3 hadi 4 hufaa kazi nyingi. Kamba ya katani hufupika ikilowa: hatamu iliyomtosha punda asubuhi ya jua humbana baada ya mvua. Ngozi hulegea ikiloa na hukakamaa ikikauka, hivyo hupakwa mafuta na kuanikwa kivulini. Kamba nyembamba ya nailoni hukata, na mpira wa ndani wa tairi huzuia jasho kukauka. Vyote viwili vinahitaji kitambaa laini chini yake. Waya haufai kabisa.

Punda aliyefunzwa huvuta mkokoteni bila lijamu. Ikilazimu kutumika, iwe laini na iliyonyooka, na izidi upana wa mdomo kwa takriban nusu sentimita kila upande. Kipande cha mnyororo au waya uliosokotwa huchana ulimi na fizi.

Hatamu huvuliwa kazi ikiisha, kwa kuwa punda anayekula majani akiwa nayo huweza kunaswa kwenye ua au kichakani. Majani mapya yakimnenepesha, vipimo hurudiwa. Kwa mwanapunda anayekua, hatamu hukaguliwa kila wiki. Mahali pa kukagua ni nyuma ya masikio, juu ya pua na kwenye pembe za mdomo. Joto, uvimbe na manyoya yaliyokatika ni dalili za hatamu ya sasa. Manyoya meupe yaliyoota kama mstari puani ni alama ya hatamu mbaya ya zamani, na hayo hayarudii rangi yake.