Bastola Katika Tamasha la Bustanini

Swali: Mwanangu aliye Atlanta, Marekani, aniarifu kwamba mtu aweza kuingia na bastola kwenye tamasha la muziki. Je, wenye tamasha hawana amri ya kumzuia?

Jibu: Hukumu yake, bibi, yategemea ardhi kuliko silaha. Katika jimbo la Georgia, ambako sheria ya mwaka 2014 ilimpanulia mno mwenye leseni mahali pa kuchukua bastola, na ambako tangu 2022 raia aliyetimiza masharti halazimiki hata kuwa na leseni, mwenye milki binafsi angali na haki ya kumkataza mwenye silaha asivuke kizingiti chake; lakini bustani ya umma si milki ya mtu. Mahakama ya Juu ya jimbo, ilipolikabili shauri la Bustani ya Mimea ya Atlanta mwaka 2019, ilibainisha kwamba aliyekodi ardhi ya serikali aweza kukataza silaha ikiwa tu mkataba wampa milki hasa kwa muda maalumu, wala si ruhusa ya kuitumia tu. Hiyo ni daraja ambayo mkataba wa siku mbili tatu ni muhali kuifikia. Tamasha la Music Midtown, lililokuwa lifanyike katika bustani ya umma mjini Atlanta, lilipofutwa mwaka 2022, magazeti yaliitaja sheria hii ya silaha kuwa sababu, ijapokuwa waandaaji, kwa hadhari ya wafanyabiashara, walisema tu kwamba mambo yamewapita uwezo.