Intaneti Isiyo na Waya: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

Siku hizi hapa kwetu Kalimoni, na hata Juja na Ruiru, mawakala wa kampuni za intaneti hupita katika ofisi za vyama vya ushirika, viwanda vya kahawa na maduka ya mbolea. Kamati hutia sahihi mapatano ya mwaka mzima, na fedha zinazolipwa ni za wanachama. Kwa hiyo, ndugu mkulima, yakupasa kufahamu kidogo jinsi kazi hii inavyokwenda, ili uwe na la kuuliza mkutanoni.

Zamani watu waliita chombo cha redio "simu ya upepo". Jina zuri, ila upepo haumo. Habari za ng'ambo hutufikia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ambazo kubwa za kwanza zilifika Mombasa mwaka 2009. Kutoka huko hupita katika nyaya za fiba hadi Nairobi, na kando ya barabara kuu ya Thika. Safari ya mwisho tu, kutoka mnara wa kampuni hadi paa la ofisi yenu, ndiyo ya hewani, nayo ni ya mawimbi ya redio. Juu ya paa hufungwa sahani ndogo inayotazama mnara, na waya hushuka ndani mpaka kwenye ruta.

Neno "inayotazama" ulishike sana. Mawimbi yanayotumiwa mara nyingi kwa kazi hii ni ya gigahatsi 5, nayo hayapenyi kilima wala hayashuki bondeni kukufuata. Hata majani mabichi huyazuia, kwa kuwa yamejaa maji. Wala haitoshi kuuona mnara kwa tundu dogo kati ya matawi. Njia ya mawimbi ina umbo la kiazi kitamu: nyembamba huku na huku, nene katikati. Mnara ukiwa mbali kilomita 2, katikati ya safari njia hiyo ina unene wa mita 5 na kitu kila upande wa mstari. Mafundi hutaka walau mita 3 na zaidi ziwe wazi kabisa.

Hapo ndipo sisi wakulima tunapojikwaa. Nakijua chama kimoja cha maziwa, jina silitaji, ambacho mwaka wa kwanza intaneti yake ilikuwa nzuri mno. Mwaka wa pili ikawa nzito. Mwaka wa tatu ikawa inakatika kila mvua inyeshapo, na malipo ya wanachama yakachelewa siku tatu mwezi ambao watu walitaka karo za watoto. Katibu alipiga simu kwa kampuni kila juma. Fundi akaja, akabadili sahani, akalipwa, na hali ikabaki ile ile. Mwisho ni mlinzi wa lango aliyenyosha kidole kuonyesha mikaratusi ya jirani. Siku sahani ilipofungwa ilikuwa miche tu! Mkaratusi mchanga huweza kukua zaidi ya mita 2 kwa mwaka, na majani yakilowa mvua huzuia mawimbi zaidi. Basi kabla ya kutia sahihi, mjumbe mmoja na apande juu ya paa, autazame mnara, kisha aende kwa majirani kuwauliza wanataka kupanda nini.

Sasa tuje kwenye mwendo. Wakala atasema, "Megabiti 10 kila sekunde." Biti 8 ni baiti 1. Kwa hiyo hesabu za chama zenye ukubwa wa megabaiti 60 zitapita kwa sekunde 48, maadam mfereji ni wenu peke yenu. Lakini ikiwa wateja 20 wamefunguliwa mfereji huo mmoja, na wote wameanza kazi saa nne asubuhi, ninyi wa chini mtapata matone. Mwenye shamba la maji ya mfereji hahitaji kufundishwa jambo hili. Uliza: mwendo huu ni wetu, au twashirikiana na wangapi? Na kutuma je, kuna mwendo sawa na kupokea? Ofisi ya ushirika hutuma mengi.

Kisha kuna ahadi ya "99 kwa mia". Chukua kalamu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Moja kwa mia ya hizo ni saa 7 na dakika 12. Kampuni yaweza kutimiza ahadi yake barabara, na ninyi mkakosa intaneti siku nzima ya kulipa wanachama. Ahadi ya 99.9 ni dakika 43 tu kwa mwezi, nayo bei yake huwa kubwa zaidi. Na iandikwe pia fundi atafika baada ya saa ngapi, na ni kiasi gani kitakatwa katika malipo asipofika.

Stima ikipotea, msilaumu mawimbi kwanza. Huko Nanyuki kampuni ya Mawingu ilianza mwaka 2013 kufikisha intaneti vijijini kwa redio, na vituo vyake viliendeshwa kwa nguvu za jua. Sahani na ruta kwa kawaida hutumia stima ndogo kuliko balbu ya zamani ya wati 60, hivyo betri ya kadiri na kioo kimoja cha jua vyaweza kuziendesha.

Wakala pia aonyeshe leseni ya kampuni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwisho, someni mapatano yasema sahani ni mali ya nani, na mkitaka kuacha mtatoa notisi ya siku ngapi. Nakala moja ya mapatano ikae katika kabati la chama, si katika mfuko wa katibu.