Mambo ya Wawili Yasitoke kwa Idhini ya Mmoja



Somo letu la leo linahusu simu iliyo mkononi mwako, na hasa mitandao ya kijamii iliyomo ndani yake: WhatsApp, Facebook, TikTok na mingineyo. Wale waliofunga ndoa kabla ya mwaka 2004 hawakufundishwa lolote juu ya jambo hili, kwa maana Facebook ilianza mwaka huo, na WhatsApp ikaja baadaye, mwaka 2009. Hata leo, tunapozungumza juu ya simu katika ndoa, mara nyingi tunazungumza juu ya fumanizi tu. Lakini liko jeraha jingine, lisilo la uzinzi, linaloweza kuidhoofisha nyumba polepole. Nalo ni hili: mmoja kuyatoa nje mambo ya wote wawili bila idhini ya mwenzake.

Tutazame kwanza faida za mitandao, kisha hatari zake, halafu tujifunze neno moja la kushika nyumbani.

1. MITANDAO INA FAIDA

Si haki kusema kwamba mitandao ni kazi ya shetani. Kanisa halisemi hivyo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati nzima juu ya vyombo vya upashanaji habari, iitwayo Inter Mirifica, ukivihesabu miongoni mwa mambo ya ajabu ambayo binadamu ameyavumbua kwa msaada wa Mungu. Mwaka 2014 Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani, aliitaja intaneti kuwa ni zawadi itokayo kwa Mungu, kwa vile inaweza kuwakutanisha watu.

Nasi tunaona matunda yake. Mume anayefanya kazi Mombasa na mke aliyebaki na watoto Kakamega wanaweza kuonana uso kwa uso kila jioni. Mama aliyekwenda Saudi Arabia au Qatar kutafuta riziki anaweza kumsikia mwanawe akisoma kitabu, na kumtakia mumewe usiku mwema. Anapofariki mtu wa ukoo, kundi la WhatsApp hukusanya mchango wa mazishi kwa siku chache. Na mwezi Machi 2020, ibada za hadhara ziliposimamishwa nchini kwa sababu ya korona, familia nyingi zilifuata Misa kupitia redio, televisheni na simu.

Basi anayetumia mitandao kumjenga mwenzake anafanya vyema. Ujumbe mfupi wa asubuhi, neno la shukrani, au picha ya siku ya arusi mliyokubaliana kuitoa, hayo yote ni mafuta katika taa ya ndoa.

2. HATARI IKO WAPI?

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba, mume na mke ni kata na mtungi. Kila mmoja anajua udhaifu wa mwenzake ambao hata mama mzazi haujui. Maarifa hayo ni amana. Hukupewa uyatembeze.

Tuchukue mfano. Jioni moja mke amekosana na mumewe kwa sababu pesa za karo zimetumika kwa jambo jingine. Kwa hasira anaandika kwenye stetasi yake kwamba wanaume wengine ni watoto waliokua ndevu. Hakutaja jina. Lakini wanaosoma ni nani? Ni mama mkwe, ni mwalimu wa mtoto, ni mwenyekiti wa jumuiya, ni wenzake wa chama. Kabla ya kulala, mume ameomba radhi na wamepatana. Asubuhi dada za mume wanapiga simu wakiwa na hasira. Ugomvi ulitangazwa, upatanisho haukutangazwa. Wawili wamesahau, lakini ukoo bado unakumbuka, kwa kuwa hakuna aliyeupelekea habari za msamaha.

Mume naye asijione salama. Yuko anayempiga mkewe picha akiwa amesinzia kitini na leso kichwani, kisha akaituma kwenye kundi la marafiki aliosoma nao, kwa mzaha tu. Wote wakacheka. Yeye anauona ni mchezo. Mkewe akikutana na mmoja wao sokoni na kuulizwa kama siku hizi anapata usingizi wa kutosha, anajua kwamba ndani ya nyumba yake mna jicho la watu wa nje. Tangu siku hiyo hatalala tena kwa amani mbele ya mume wake mwenyewe. Hiyo ndiyo hasara iliyo kubwa kuliko aibu: mtu kukosa mahali pa kupumzika duniani.

Kuna na lile linalovaa vazi la utakatifu. Mtu anaandika katika kundi la jumuiya, "Naomba mumwombee mume wangu aache pombe," au, "Tuombeeni, daktari amesema tatizo la kukosa mtoto liko kwa mke wangu." Ombi ni jema, lakini kundi hilo lina watu sitini, na si wote watakaopiga magoti. Mungu anajua tatizo bila kulisoma kwenye simu. Ingetosha kusema, "Iombeeni familia yetu, tuna nia maalumu."

Zaidi ya hayo, yakumbukeni mambo haya juu ya jinsi vyombo hivi vinavyofanya kazi:

a) Picha uliyoituma si yako peke yako tena. WhatsApp hukuruhusu kufuta ujumbe kwa wote, lakini kwa muda fulani tu, na huwezi kufuta kile ambacho mwingine amekwisha kukihifadhi. Maji yakimwagika hayazoleki.

b) Stetasi huondoka baada ya saa 24, lakini mtu akiipiga picha kwenye skrini yake, itakaa miaka.

c) Ukitangaza Desemba kwamba nyote mko safarini kwenda nyumbani mashambani hadi Januari, umewaambia na wezi kwamba nyumba ya mjini haina mtu.

d) Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule humwambia mgeni mtoto anasoma wapi. Ukiongeza jina lake na saa anazotoka, umemkabidhi mtu usiyemjua ratiba ya mwanao.

3. MAANDIKO, KANISA NA SHERIA ZA NCHI

Mtazameni Mtakatifu Yosefu. Katika Injili ya Mathayo 1:19 tunasoma kwamba alipomwona Maria ana mimba, na kabla hajaelezwa na malaika, aliazimu kumwacha kwa siri ili asimwaibishe mbele ya watu. Aliamini kwamba ameumizwa sana, lakini hakwenda kumtangaza. Na Injili inamwita mtu mwenye haki. Laiti angalikuwa mwepesi wa kutangaza, angalimchafua Mama wa Mungu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa bado. Je, ni mara ngapi sisi tunatangaza kabla ya kuelewa?

Yesu mwenyewe, katika Mathayo 18:15, anaagiza kwamba ndugu akikukosea, uanze kwa kumwendea ninyi wawili peke yenu. Wa pili na wa tatu huitwa baadaye. Mitandao hutuvuta kuanza na watu mia tatu, na kumalizia kwa yule aliyekosa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafundisha kwamba kufunua makosa ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki, ni dhambi dhidi ya amri ya nane. Angalieni: hata kama makosa hayo ni ya kweli. Kwa hiyo utetezi wa kusema, "Lakini sikudanganya," hautoshi. Na Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 220, zinakataza kuliharibu jina jema la mtu au kuivunja haki yake ya faragha.

Sheria za Kenya nazo zinakubaliana na jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, pamoja na habari za familia yake zisifunuliwe pasipo lazima. Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta na mitandao inamwadhibu anayesambaza picha za utupu za mwenzake. Tena iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chini ya sheria hiyo, mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mitandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule yatakiwa kuomba ruhusa kwa wazazi, je, mume na mke wasiombane ruhusa?

4. NENO LA KUSHIKA

Neno lenyewe ni fupi: jambo la wawili halitoki kwa idhini ya mmoja. Kulitimiza, fanyeni hivi:

Kwanza, kabla ya kutuma picha au habari inayomhusu mwenzako, mwonyeshe. Akisema hapana, asilazimike kutoa sababu. Hapana yake yatosha.

Pili, andikeni orodha fupi ya mambo yasiyotoka kamwe: ugomvi wenu, mambo ya kitandani, magonjwa na majibu ya vipimo, mishahara na madeni, na makosa ya watoto. Picha za utupu msitumiane hata ninyi wenyewe mkiwa mbali, kwa maana simu huibwa, tena hupelekwa kwa fundi.

Tatu, mkiwa na hasira, simu iwekwe chini. Neno la usiku lingoje asubuhi.

Nne, fungueni pamoja mpangilio wa faragha katika simu zenu. Chagueni ni nani waone stetasi na picha zenu, na nani waweze kuwaingiza katika makundi. Wekeni ile namba ya siri ya tarakimu sita ya kuilinda WhatsApp, na msimpe mtu yeyote namba ya uthibitisho inayoletwa kwa ujumbe mfupi, hata akijifanya rafiki au mtu wa jumuiya.

5. FARAGHA SI KUFICHANA

Hapa wengine hukosea. Faragha ni ukuta unaoizunguka nyumba. Kufichana ni ukuta unaojengwa katikati ya kitanda. Mume asije akatumia somo hili kusema, "Basi usiguse simu yangu, ni faragha," wakati anachoficha ni mazungumzo na mpenzi wa zamani. Ikiwa ujumbe ungeufuta haraka ukisikia hatua za mwenzako, basi umekwisha kujihukumu.

Lakini pia mke asiamke usiku kuipekua simu ya mumewe, wala mume asiunganishe WhatsApp ya mkewe kwenye kompyuta yake kwa siri ili asome kila neno. Upelelezi hauzai uaminifu. Tena katika simu ya mwenzako zimo siri za watu wengine, kama dada aliyemwomba shauri au rafiki aliyemlilia, na hizo si mali yako. Mwenye shaka aulize kwa mdomo wake, mchana, kwa upole.

6. PALE AMBAPO KUNYAMAZA NI KOSA

Mtu asilitumie somo hili kumfunga mwenzake mdomo. Mficha maradhi, kifo humfichua. Anayepigwa, anayetishwa, au anayeona mtoto akidhulumiwa hana wajibu wa kutunza siri ya mwenye kumdhulumu. Yosefu alificha ili amlinde mnyonge, si ili amlinde mwenye nguvu. Mwenye shida hiyo aende kwa mtu awezaye kusaidia: padre, daktari, chifu, kituo cha polisi, au apige namba 1195, ambayo hailipiwi. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani iko upande wake. Kusema kwa mwenye kuokoa si umbea.

Hata katika matatizo madogo, si vibaya kumshirikisha mtu mmoja. Wasimamizi wenu wa ndoa waliwekwa kwa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba msimamizi husikiliza, huonya pande zote mbili, kisha hufunga mdomo. Stetasi haifanyi hata moja la hayo.

MASWALI YA KUJADILIANA MUME NA MKE

1. Je, kuna picha au habari yangu uliyoitoa nje ambayo ungependa tuiondoe? Je, iko yoyote yako niliyoitoa mimi?

2. Ni mambo gani matano ambayo tunakubaliana yasitoke nyumbani mwetu?

3. Tukikosana, ni nani mmoja ambaye sote wawili tunamwamini kumwendea?

4. Je, watoto wetu wakikua, watafurahia kuziona picha tulizoziweka juu yao?

KAZI YA WIKI HII: Jumamosi jioni, watoto wakilala, kaeni pamoja na simu zote mbili mezani. Someni Mathayo 1:18-25, kisha jibuni maswali hayo bila kugombezana. Atakayegundua kwamba amemwaibisha mwenzake aombe msamaha, na akiweza afute. Mwenzake naye asamehe, na habari za msamaha huo zibaki humohumo ndani.

Mungu azibariki familia zenu, na Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.