MAJUTO SIYO TOBA

Kijana mpendwa, umewahi kulia kwa sababu umekamatwa? Mimi nimelia. Nilikuwa nauza dukani kwa mjomba, nikawa nadokoa pesa. Siku aliponigundua nililia mpaka kamasi zikanitoka. Wiki ileile nikadokoa tena! Kumbe sikuichukia dhambi, niliogopa aibu tu. Hayo ni majuto, siyo toba.

Angalia wanafunzi wawili wa Yesu. Yuda alimuuza Bwana wake kwa vipande 30 vya fedha. Baadaye alijuta, akazirudisha pesa, akakiri kwamba amekosa. Lakini kwa Yesu mwenyewe hakurudi. Akaenda akajinyonga (Mathayo 27:3-5).

Petro naye alimkana Yesu mara 3 usiku mmoja, akatoka nje akalia kwa uchungu (Luka 22:54-62). Sasa tofauti iko wapi? Petro alirudi. Aliposikia kwamba Bwana yuko ufukweni, alijitupa majini kumfuata (Yohana 21:7). Na Yesu akampokea.

Labda unasema, "Mimi nimeharibu mno, ngoja kwanza niache pombe na uhuni." Rafiki, hutaweza peke yako. Njoo hivyohivyo ulivyo, Yesu ndiye anayesafisha.

Hapo ulipo, mtajie Mungu dhambi yako bila kuizungukazunguka. Mwombe Yesu akusamehe, akupe moyo mpya. Halafu geuka kwa vitendo: ulichoiba kirudishe, kama mimi nilivyorudi kwa mjomba siku nilipookoka.

Usingoje kesho. Tubu leo!