Riwaya ya Bendi: Anzia Mlangoni kwa Mkata Tiketi

Mwaka 1978 bendi mbili kubwa za Afrika Mashariki zilimeguka. Dar es Salaam, wanamuziki walitoka JUWATA Jazz wakaenda kuanzisha Mlimani Park. Nairobi, wapigaji kadhaa wa Simba Wanyika walijitenga wakaunda Les Wanyika, na haukupita muda wakatoka na "Sina Makosa". Mwaka 1985 zamu ikawafikia Mlimani Park wenyewe: mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua wanamuziki wao sita, Muhidini Maalim Gurumo na Abel Balthazar wakiwemo, akaunda International Orchestra Safari Sound. Kwa anayetafuta mkasa wa riwaya, huo hapo umekaa tayari. Kazi iliyobaki ni kuuelewa.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea njia. Mwandishi chipukizi akitaka kuandika habari za bendi huanzia jukwaani: taa zinawaka, mwimbaji kashika maiki, wasichana wanapiga vigelegele. Kurasa ishirini baadaye hana pa kwenda, maana onyesho la pili linafanana na la kwanza. Ushauri wangu ni kwamba uanzie mlangoni, pale anapokaa mkata tiketi. Bendi, kabla ya kuwa muziki, ni ajira, na watu huachana kwa sababu zile zile zinazowaachanisha watu wa kiwanda au wa daladala.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya riwaya, chukua daftari ujibu maswali manne. Vyombo ni vya nani? Nani analipwa mshahara na nani analipwa kwa onyesho? Mapato ya mlangoni yanagawanywaje? Na wimbo ukishapendwa, jina la nani linaandikwa kama mtunzi?

Swali la vyombo ndilo zito kuliko yote. Katika riwaya za bendi za roki za Marekani na Uingereza, kijana hununua gitaa lake, akalibeba hadi gereji ya rafiki yake, na mgogoro huja baadaye akishatia saini mkataba na kampuni ya santuri. Kwetu mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980, gitaa, maikrofoni, drams na vipaza sauti mara nyingi vilikuwa mali ya taasisi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima, UDA Jazz ya kampuni ya mabasi ya mjini, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na bendi yao, na jeshi vilevile. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilibadilika jina kila mwajiri wake, yaani jumuiya ya wafanyakazi, alipobadilika jina: ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi ilipokuja kujiita Msondo Ngoma, jina la mtindo wake.

Hebu fikiria hiyo ina maana gani kwa mhusika wako. Mpiga solo anayeshangiliwa na ukumbi mzima Jumamosi anaweza kuitwa Jumatatu na ofisa utumishi kwa kosa la kuchelewa kazini. Akigombana na mwajiri anaondoka mikono mitupu, maana hata gitaa si lake. Ndiyo sababu ahadi ya vyombo vipya iliweza kumng'oa mtu kwenye bendi iliyompa jina. Hakuna riwaya ya roki ya London inayoweza kuwa na ofisa utumishi kama huyo, na ni mhusika mzuri sana wa kuchekesha na wa kuudhi. Usimwache.

Sasa twende kwenye hesabu. Tuseme riwaya yako ni ya siku hizi, bendi ina watu kumi na wawili, na makubaliano ni yale ya kawaida: mwenye baa anachukua vinywaji, bendi inachukua mlango. Wameingia watu 140 kwa shilingi 5,000. Hizo ni 700,000. Toa 120,000 za usafiri wa vyombo, 100,000 za gari la matangazo, 60,000 za walinzi na wakata tiketi. Zimebaki 420,000. Mwenye vyombo anachukua nusu. Kila mwanamuziki anarudi nyumbani na 17,500, saa kumi alfajiri, na bajaji hajalipa. Ukishaiweka hesabu hiyo kwenye daftari, mandhari inajiandika yenyewe:

Mzee Kitwana alilowesha kidole gumba kwa ulimi akahesabu tena. Noti zilikuwa na unyevu wa jasho.

"Kumi na saba na nusu kila mtu."

"Na zile alizotunzwa Shomari?" aliuliza mpiga besi, huku akiendelea kukunja waya.

Shomari alitazama viatu vyake. "Zile zangu, kaka. Yule mama kanipa mimi."

"Kakupa wewe, sawa. Wimbo nani kautunga?"

Hakuna noti hata moja ya muziki iliyopigwa hapo, lakini msomaji ameshajua bendi hii haifiki mwisho wa mwaka. Pesa za kutunzwa ni dhahabu kwa mwandishi. Shabiki anapanda jukwaani, anambandika mwimbaji noti kipajini, ukumbi unashangilia, na nyuma kule mtu wa tumba anaona kila kitu.

Swali la pili kubwa ni nani asimulie. Usikimbilie mwimbaji mkuu. Iain Banks, Mskoti, alipoandika Espedair Street (1987), kisa cha bendi ya kubuni iitwayo Frozen Gold, alimpa usimulizi mpiga besi ambaye pia ndiye mtunzi wa nyimbo: mtu mrefu, mwenye sura isiyopendeza, anayeona umaarufu ukipita mbele yake huku pesa zikimwingia. Roddy Doyle wa Ireland, mwaka huo huo, alitoa The Commitments. Humo kitovu cha hadithi ni Jimmy Rabbitte, meneja asiyepiga chombo chochote. Anawakusanya vijana wa mitaa ya walalahoi ya Dublin wapige soul ya Wamarekani Weusi, na kundi linasambaratika wakati ule ule kampuni ya santuri inapoanza kulitupia jicho. Kitabu chenyewe ni chembamba na karibu chote ni mazungumzo. Ukikisoma utaona jinsi watu kumi wanavyoweza kusema kwa wakati mmoja bila msomaji kupotea, kwa kuwa kila mmoja ana matusi yake na masihara yake.

Njia nyingine ni ile ya Taylor Jenkins Reid katika Daisy Jones & The Six (2019). Riwaya nzima ni mahojiano. Wanabendi waliozeeka wanaeleza kwa nini walivunjika Julai 1979 baada ya onyesho la Chicago, wakiwa kileleni, na kila mmoja ana kumbukumbu yake inayopingana na ya mwenzake. Nadhani mtindo huu unatufaa Waswahili kuliko tunavyodhani. Wazee wa dansi wameshatuzoesha kwenye vipindi vya redio: mmoja anasema alifukuzwa, mwenzake anasema alitoroka, wa tatu anacheka tu. Ukiutumia, jihadhari na jambo moja, kwamba sauti zisifanane. Mpiga saksafoni aliyetoka bendi ya jeshi hatasema kama mwimbaji aliyekulia kwenye taarabu Tanga, na Mkongo aliyefika Dar kupitia Uganda atakuwa na Kiswahili chake. Orchestra Maquis walifika kwa njia hiyo. Mpe Kiswahili hicho, lakini usimfanye kichekesho.

Kuhusu muziki wenyewe kwenye karatasi nitasema kidogo, kwa kuwa hapa kinachotakiwa ni kujizuia. Maneno kama "sauti nyororo" na "gitaa lililolia kwa huzuni" hayasikiki, msomaji anayaruka. Eleza anachofanya mtu. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: kwanza unaimbwa taratibu, beti na kiitikio, kisha gitaa linabadili mwendo na watu wanaingia kwenye chemko. Wakati huo wa kubadilika ndio wa kuandika. Mhudumu anashusha trei mezani. Wazee waliokuwa wamekaa wanavuta suruali juu kidogo na kuinuka. Mpiga solo anampa mgongo mwimbaji kwa kuwa sasa zamu ni yake. Ukishaandika hivyo mara moja ndani ya riwaya, inatosha. Mara ya pili taja tu kwamba chemko limeanza.

Maneno ya nyimbo andika mwenyewe. Usichukue ubeti wa watu ukaupachika kitabuni kwa kuwa "kila mtu anaujua". Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979. Nyimbo alizotunga bado zina wenyewe. Kutaja jina la wimbo hakuna shida, kunukuu ndiko kunakohitaji ruhusa. Zaidi ya sheria, kutunga mwenyewe kunakupa silaha ya hadithi, nayo ni fumbo. Nyimbo za dansi zimejaa mafumbo, na mashabiki hupenda kubishana nani kasemwa. Basi mhusika wako atunge wimbo wa mapenzi ambao kila mwanabendi anajua ni wa bosi, isipokuwa bosi mwenyewe anayeupenda na kuomba urudiwe. Reid alitunga nyimbo za bendi yake ya kubuni na kuzichapa mwishoni mwa kitabu. Fanya hivyo ukiweza. Hata tatu zinatosha.

Chagua mwaka, kisha uuheshimu. Makosa ya kihistoria ndiyo yanayomfanya msomaji mzee aweke kitabu chini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo mama wa Magomeni wa 1982 hawezi kumwona mwanawe akipiga gitaa kwenye runinga ya taifa. Atamsikia Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilirekodi studio za redio hiyo, na umaarufu ulitokana na wimbo kupigwa hewani, si na mauzo. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa za nje zilipoadimika na 1983 ikaja operesheni ya kuwakamata wahujumu uchumi, hata seti ya nyuzi za gitaa inaweza kubeba sura nzima: nani kazileta, kapitia mpaka gani, kamlipa nani. Miaka ya 1990 ni hadithi tofauti kabisa. Redio binafsi zimeingia, vijana wanarap kwa Kiswahili, mashirika ya umma yanabinafsishwa, na bendi iliyokuwa na mwajiri inaamka haina. Ningependa sana kuisoma riwaya hiyo. Mpiga tarumbeta wa miaka 45 aliyepokea mshahara maisha yake yote anaanza kujifunza kugawana mlango.

Majina ya bendi, wahusika na kumbi zako yawe ya kubuni. Wanamuziki wetu wana watoto na wajane, na mambo ya ulevi, ndoa na ushirikina yanayonoga kwenye riwaya yanaumiza yakibandikwa kwa mtu wa kweli. Bendi halisi zitaje kwa mbali: mabango yao, wimbo wao unaosikika dirishani, tishio la kwamba Sikinde, yaani Mlimani Park, wanapiga ukumbi wa jirani usiku huo huo. Ushindani wa Sikinde na Msondo unaweza kuwepo kama hali ya hewa ya hadithi bila wewe kumgusa mtu.

Mwisho, utafiti. Soma kitabu cha Alex Perullo, Live from Dar es Salaam (2011), kwa mambo ya uchumi wa muziki, yaani nani analipwa, nani anaiba, kanda zinasambazwaje. Kisha watafute wazee. Usiwaulize kuhusu umaarufu, hilo wameulizwa mno na majibu yamekomaa kwa kurudiwa. Waulize walilala wapi walipokwenda ziara Mwanza, nani alipika, chombo gani kiliharibika njiani, mshahara ulichelewa miezi mingapi, na siku waliyohama walimwambia nani kwanza. Beba kinasa sauti, omba ruhusa kabla ya kukiwasha, na uwalipe muda wao. Wametumia maisha wakifanya kazi ambayo wengine walichukua pesa yake. Wengi wa kizazi cha 1978 wameshaondoka, Gurumo mwenyewe alifariki 2014. Waliobaki wapigie simu wiki hii, riwaya itaanza baadaye.